Marumaru Nilizozisugua Mwenyewe

Ijumaa, 1 Agosti

Siku ya mia moja ya eda. Zimebaki ishirini na nane. Nimesugua marumaru za nyuma ya jiko la gesi tangu alfajiri mpaka Zaina alipoamka. Magadi na maji ya moto, uji mzito. Paka, acha robo saa, sugua kwa mswaki mkuukuu. Safu mbili zimetakata. Maungio bado ya njano.

Hiyo ni miaka tisa ya samaki. Baba Zaina, Mungu amrehemu, hakukubali mtu mwingine amkaangie samaki wa Ijumaa. Wala hakukubali kufuta. Alisema ukuta wa jikoni usio na mafuta ni wa nyumba yenye njaa. Maneno tu. Alikuwa mvivu wa kushika kitambaa.

Kazi hii kaianzisha Zaina, mwanangu wa pekee. Amekuja toka Dar wiki iliyopita kukaa nami mpaka nitoke eda. Anasema mikono ikiwa na kazi kichwa kinapumzika. Ni kweli. Nimelala vizuri siku mbili hizi. Nimefurahi kuwa naye.

Jumapili, 3 Agosti

Ndimu imeshindwa. Jivu limeshindwa. Siki imesaidia kidogo. Vidole vinawasha.

Zaina ameomba karatasi za kiwanja akatoe nakala, kwa ajili ya mirathi. Nimempa pamoja na bahasha yake.

Jumanne, 5 Agosti

Lilibaki doa moja. Kulia kwa jiko, usawa wa kifua changu. Nililiacha makusudi.

Baba Zaina alikuwa akigeuza samaki kwa mkono wa kushoto, wa kulia kauegemeza ukutani. Kila Ijumaa, mahali pale pale, kiganja kina mafuta. Ukisogea karibu unaona vidole vinne na shina la gumba. Nimemweleza Zaina.  Akasema, "Mama, kumkumbuka baba si kukaa na uchafu. Doa hilo linaharibu ukuta mzima." Alikuwa ameshanunua sabuni kali dukani.

Nikafikiri labda yuko sahihi. Watu wa eda tunaambiwa mengi, na mengine ni ya kweli. Nimesugua. Imechukua muda mrefu, nimelia katikati, nimeendelea. Limetoka lote.

Zaina alikuwa nyuma yangu na simu yake. Akasema sasa jiko linapendeza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Mtaa mzima uko Ngongo kwenye maonyesho. Hata mbwa hawabweki.

Zaina kaniambia niingie chumbani, kuna fundi anakuja kuangalia marumaru zilizoachia. Mwanamume si maharimu wangu na mimi niko eda. Nimeingia, nimevuta pazia, sikuambiwa mara mbili.

Fundi gani yule. Fundi wa marumaru hugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama kuna uwazi. Huyu hakugonga hata moja. Aliuliza kama maji yanatoka kila siku. Aliuliza lami iko umbali gani. Fundi na lami wapi na wapi?

Nimemuuliza Zaina. Kasema fundi kijana, anapenda maongezi.

Jumatatu, 11 Agosti

Bi Somoe wa nyumba ya pili kaja na simu mkononi. Kakaa muda mrefu bila kusema, na yule mwanamke hunyamaza akilala tu. Mwisho kanipa simu.

Picha. Zimetumwa kwenye kundi la watu wa Lindi. Nyumba inauzwa, Mitwero, karibu na lami, maji yapo, jiko la kisasa, marumaru kama mpya.

Jiko langu. Marumaru zangu. Pembeni, chini, unaonekana ukingo wa kanga nyeupe. Ni mimi. Nimechuchumaa nasuuza mswaki, nimemsafishia mnunuzi jiko langu.

Ukuta kwenye picha hauna kiganja. Kwa hiyo ilipigwa Jumanne ile ile. Mwanangu amenifanya nimfute baba yake ukutani ili mgeni asione doa.

Sijala. Sijamwambia neno. Nikifungua mdomo sasa nitasema jambo la kujutia.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemuuliza baada ya swala ya asubuhi. Hakukana. Afadhali angekana.

Anasema siwezi kukaa peke yangu. Anasema ameshapanga chumba Dar, karibu na kwake. Biashara yake imesimama, mnunuzi ana haraka, angeniambia nikishatoka eda ili nisisumbuke. Kasema, "Nilitaka kukusaidia, Mama." Nikamjibu, "Ungeanza kwa kuniuliza."

Nimetaka bahasha yangu. Iko kwa dalali. Yule fundi.

Nina hasira. Miaka thelathini nimesimama darasani nikiwafundisha watoto wa watu wasiseme uongo. Wangu alikuwa nyumbani.

Kinachoniuma zaidi ni eda. Alijua nitaingia chumbani bila kuuliza. Alijua sitatoka kwenda kwa mtu. Alitumia heshima niliyompa baba yake kunifungia mlango.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimemtuma Bi Somoe kwa shehe wa msikiti wetu na kwa mwenyekiti wa mtaa. Wamekuja wote wawili baada ya alasiri. Nimekaa nyuma ya pazia lile lile, nimesema yote kupitia kitambaa. Sauti haikutetemeka. Nashukuru.

Shehe kasema mirathi haijagawanywa, na mjane wa eda haondolewi nyumbani kwake, sembuse kuuziwa nyumba akiwa ndani. Mwenyekiti kasema muhuri wake hautagusa karatasi yoyote ya nyumba hii kabla hajanisikia mimi. Zaina kaambiwa arudishe bahasha.

Nilimwona kwenye upenyo wa pazia. Anatazama sakafu, anachezea pete, kama alivyofanya alipovunja birika akiwa na miaka saba. Nikamwonea huruma. Nikajichukia kwa huruma hiyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Bahasha iko mezani. Nimehesabu karatasi, zote zipo. Zaina ameondoka na basi la asubuhi. Hakuniamsha, nami sikuwa nimelala.

Ameacha vitumbua chini ya kawa. Sikugusa. Bi Somoe amekula vinne. Kaniambia mtoto akikunyea kiganja hukikati. Nimemjibu sikikati, lakini aniache kwanza nikioshe.

Jumatano, 20 Agosti

Hakuna jipya. Napika kwenye mkaa uani. Ukuta wa jikoni unang'aa, sipendi kuutazama.

Jumapili, 24 Agosti

Nimejaribu kutafuta kama kuna alama yoyote iliyobaki. Nimewasha taa, nimeinamisha kichwa pembeni, nimepitisha kidole. Hakuna. Nilifundishwa kazi nikaijua, na kazi ile niliifanya vizuri mno.

Ijumaa, 29 Agosti

Eda imekwisha. Nimeoga, nimevua nyeupe, nimevaa kanga ya rangi. Wanawake wa mtaa wamesoma dua, wamekunywa uji, wameondoka. Zaina hakuja. Alipiga simu. Nilipokea. Tukasalimiana, akaniambia pole, nikasema nimeshapoa, ambayo si kweli.  Kisha salio lake likaisha, au alikata.

Baada ya swala nimetoka kwa miguu yangu hadi barabarani. Jua kali, macho yalikuwa hayajazoea. Nimenunua samaki, changu mmoja mkubwa.

Nimemkaanga mwenyewe, kwenye jiko la gesi. Mara ya kwanza. Mafuta yameruka mpaka pale kulia, usawa wa kifua. Nimechukua kitambaa. Nimekirudisha kwenye msumari wake.

Nimekula kichwa na mgongo. Mkia nimeuweka pembeni. Zaina tangu mdogo ndiye mwenye mkia. Nimeufunika na sahani. Mazoea tu.