Mguu wa Ésaïe na Kuku wa Kasonia

Jumatatu, 5 Machi 2001

Ésaïe ameanguka na chukudu, kigari chake cha mbao cha magurudumu mawili. Kaka yangu hujisifu kwamba hakuna mteremko wa Butembo asioujua — leo mteremko umemjua yeye. Gari zima la mbao na magunia mawili ya maharagwe vimempita juu ya mguu wa kushoto.

Mama hataki hospitali. Kule walimkata jirani yetu Paulin mguu, basi kwake hospitali ni msumeno tu. Ameitwa Mzee Kasonia, "docteur wa mifupa". Docteur! Alimgusa juu ya suruali, akafumba macho: "Mushipa umeruka." Kwa Kasonia mshipa huruka kila siku. Shingo ya Mama Agar — mshipa umeruka. Mbuzi wa katekista anachechemea — mshipa umeruka. Akauvuta mguu. Sote tulisikia: ka! Ésaïe alilia kama mtoto. Mzee akafuta jasho. "Sasa ni mufupa."

Sasa!

Jumanne, 6 Machi

Baada ya somo la biolojia nilimweleza Madame Ngalula. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema: unaangalia, unauliza, unagusa, unalinganisha na mguu mzima, ndipo unasema. "Yule wako anaanzia kwa kusema." Akanionyesha kwenye mkono wangu: mguu ukifungwa, bonyeza kucha. Inakuwa nyeupe, damu inarudi mara moja. Isiporudi, kamba imekaza mno na mguu unakufa. "Donc, basi, hospitali siku ileile, Anne-Marie. Hapana kungoja."

Jumatano, 7 Machi

Kasonia amekuja na mianzi, kamba, na kuku mwekundu. Amemvunja kuku mguu wa kushoto mbele yetu, akamfunga, kisha akamfunga Ésaïe vilevile. "Siku kuku atatembea, na wewe utatembea. Mbele ya ile, mutu hapana kufungua."

Mgonjwa wa pili analala chini ya kitanda na kula mahindi yetu. Ametibiwa vizuri kuliko kaka yangu: kamba zake zimelegea.

Nilibonyeza kucha. Damu imerudi, polepole. Mama akanipiga mkono: "Umekuwa infirmière wa hospitali tangu lini?"

Ijumaa, 9 Machi

Sikwenda shuleni. Ésaïe hakulala kwa maumivu. Vidole ni baridi. Mama anasema ni mfupa unajishona. Mfupa una sindano?

Saa nne basoda wawili wenye bunduki waliingia uani. "Mama, pesa nsoso!" Lingala ya kuomba kuku, hiyo wote wanaijua. Wakamnyanyua kuku wetu kwa mguu uliofungwa, wakicheka: huyu amepigana vita gani? Wakaondoka naye.

Kasonia aliitwa. Alisimama mlangoni, hata hakuingia. "Kuku ikiliwa, muguu nao umeliwa. Miye sina tena neno." Akaenda zake. Siku nne za utabibu, na mguu hajauangalia hata mara moja!

Mama amekimbilia kambini kuomba arudishiwe kuku wake. Kwa basoda!

Nimebonyeza kucha ya kidole gumba. Nyeupe. Nimehesabu mpaka kumi. Nyeupe. Mguu wa kulia: moja, mbili — nyekundu. Nimekata kamba kwa wembe. Ésaïe alipiga kelele: "Mama atakuua weye kwanza, kisha miye!" Mguu umevimba, unang'aa kama mbilingani. Nilingoja rangi irudi.

Saa nane

Mama amerudi akitabasamu, na kuku mweupe mwenye miguu miwili mizima. Basoda wamempa huyo badala, bila shaka wamemwiba kwingine. Amemweka chini. "Ona, Ésaïe! Anatembea! Simama, mwanangu."

Ésaïe hakusimama. Mama amekwenda kumrudisha Kasonia ili ashuhudie.

Kaka yangu hakumtazama kuku. "Bonyeza tena," ameniambia. Nimebonyeza. Sote wawili tumeangalia. Nyeupe bado.

Kisha: "Ukinilaza juu ya chukudu, utaweza kunifikisha hospitali?"

"Ni mteremko," nimesema.

"Mpaka soko. Nyuma ya soko kuna kilima. Pale hapana kushuka, ni kusukuma."

Anafunga koti. Mimi nimevua viatu vya shule, nisiteleze nikisukuma.