Mawe Niliyoyatoa Uani

Mama,

Leo asubuhi nimeopoa mzoga wa tisa. Vyura watano, mijusi watatu, shomoro mmoja. Hesabu hii sijampa mtu, nakupa wewe.

Kidimbwi chako cha uani nilikionea aibu. Arobaini yako ilipokaribia nikajiuliza, watu waje kusoma hitima hapa Ilala, wakute nyumba ya muuza marumaru ina shimo la ukoga? Nikatoa mawe yako yote, arobaini na moja. Nikang'oa nyasi zako za ndago. Nikapiga marumaru nyeupe kuta zote nne, wima, zikanyooka kwa pima maji. Wageni walisifu sana.

Hakuna kiumbe anayepanda marumaru iliyolowa, Mama. Anaingia kunywa, hatoki.

Uliniambia. "Mawe yangu usiyaguse, vyura wanapandia hapo." Nikakuuliza kama vyura nao wanataka ngazi, ukanichapa kibao cha mgongo, tukacheka. Lakini mbona hukunikaripia? Kila nilichojenga ulikisifu tu. Ungenikaripia hata mara moja.

Sasa maji yamejaa viluwiluwi vya mbu, waliokuwa wakiwala nimewaua mwenyewe. Mtoto wa Dada Mwanaidi ametoka kuugua homa. Dada hanisemeshi vizuri: "Wewe fundi, ulichoharibu umeharibu. Kifukie tulale." Ameshaagiza kifusi, kinakuja Jumamosi. Siwezi kusema amekosea.

Ila leo, nikiwa na shomoro mkononi, nikamwona yule chura mkubwa uliyemwita Babu. Hai. Anaparura ukuta, anateleza, anaanza upya. Nilimhesabia mara kumi na moja, halafu... sikuweza.

Nilianza kwa kusukuma mkokoteni wa saruji Kariakoo, unajua. Kazi yangu sijawahi kuibomoa. Leo nimeshika nyundo na tindo, nikashusha ukuta mmoja mzima. Kina ni sentimita hamsini, nikakipa mteremko wa mita moja na nusu, ili hata mjusi atembee asiteleze. Nikamwaga udongo, kisha changarawe. Mawe nikayafuata kule nilikoyatupa, kwenye mashimo ya njia nyuma ya gereji. Vijana wa pale wakanicheka: "Bosi, marumaru zimeisha dukani?" Nimepata ishirini na sita. Kumi na matano yamemezwa na barabara, nisamehe. Ndago nimepanda upya ukingoni, bado zimenyauka.

Babu nimemkalisha juu ya jiwe lako lile bapa. Hajasogea tangu adhuhuri. Koo lake linapiga tu. Sijui anapumzika au ananisusa.

Jumamosi nitaketi hapo hapo kando yake. Nitamwomba Dada asubiri mvua moja tu, vyura warudi wawale hao mbu. Akikataa, wakimwaga kifusi waanze na miguu yangu. Na jiwe lako hata moja sitalitoa tena, mgeni aje asije.

Mungu akuweke penye kivuli na maji, Mama. Maji yenye pa kupandia.

Mwanao, fundi.