Kadi za Kaka Ndani ya Kopo la Baba

Jumatatu, 4 Machi
Mvua siku ya tano. Ukuta wa chumbani unatoa jasho. Nimefungua kopo kubwa la Baba la dawa ya viatu, ndimo Kaka alimoniachia kadi zake za wachezaji mpira alipokwenda mgodini — ukungu! Nne zina madoa pembeni, nyingine zimejikunja. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akimletea moja kila Ijumaa akitoka kushona viatu. Kaka hajawahi kumwachia mtu. Nakuamini wewe tu, mdogo wangu, alisema. Mimi tu!

Jumanne, 5 Machi
Nimezianika kitandani, mwenyewe nimelala chini. Kaka kapiga simu: eti bado zinanukia dawa ya viatu? Nikamnusa golikipa. Zinanukia. Akacheka, akasema basi Mzee bado yupo. Anarudi Jumamosi. Habari za ukungu nimezimeza.

Jumatano, 6 Machi
Mjinga mimi! Kutwa nipo dukani navisha vyeti vya watu plastiki, na vya kwetu vinaoza nyumbani. Saa ya chakula bosi kaniachia mashine ya lamineshini. Kadi zote sitini na mbili. Nimeanza na golikipa, kipenzi cha Kaka. Zinang'aa! Maji hayaingii, ukungu hauingii. Kopo nalo nimelisugua kwa sabuni mpaka likatakata. Nimejipigia kigelegele peke yangu.

Alhamisi, 7 Machi
Mwalimu wa michezo, mteja wetu, kaja na ratiba yake. Nikamwonyesha golikipa, maringo tele. Uso ukamshuka. Kumbe naye anakusanya. Anasema kadi huvikwa kifuko laini kisichobana, ikawekwa pakavu. Ikishapita kwenye moto, basi.
— Haitoki hata kidogo?
— Haitoki, dada. Pole.
Nimejaribu kwa wembe, ile yenye ukungu zaidi. Plastiki imetoka na uso wa mchezaji; kadi hiyo nimeificha. Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi kuhudumia wateja.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemnusa golikipa: plastiki tupu. Nimenunua dawa ya viatu, nikapaka kidogo ndani ya kopo. Nikaona aibu. Nikafuta.

Jumamosi, 9 Machi
Kafika! Amekonda, ana mvi. Kanikumbatia mpaka mgongo ukalia. Nilitaka kumwambia palepale mlangoni, nikaishia kumpokea mzigo. Hata kuoga hajaoga, kataka kopo. Nimempa, nikakimbilia jikoni eti nachemsha chai. Naandika nimesimama.

Namwona kwenye upenyo wa mlango. Anazipitia moja moja. Anapaza sauti: lo, mdogo wangu, umezitunza hivi! Hata mimi nisingeweza! Ananishukuru — mimi!

Sasa kamtoa golikipa. Amefumba macho, anampeleka puani. Anavuta pumzi.

Kafumbua macho. Anamgeuza upande wa pili. Ananusa tena.