Amekubali, Kasema Nani?

Jumatatu, 14 Julai

Uji umeungua, umenyweka hivyohivyo. Tunaowahudumia kituoni leo ni kumi na mmoja, wawili wana mafua. Tumefagia, kisha nikakaa uani na Mwanahawa tukichambua mchele. Ana miaka thelathini na mbili, akili yake inakwenda taratibu na maneno yake ni machache, lakini kwa kuona chuya hakuna anayemfikia mtaa mzima wa Dunda.

Bwana Sefu, mratibu wetu, kanipa karatasi nisome. Mpango wa tabia wa Mwanahawa. Kila Alhamisi, nyumbani kwa shangazi yake, anapiga kelele na kukipiga teke chetezo cha ubani, makaa yanamwagika. Kwa hiyo kila Alhamisi mchana apewe kidonge cha usingizi na mlango utiwe komeo. Chini, penye maoni ya mwenyewe, kaandika "Amekubali." Mwenyewe alikuwa na ungo mapajani, hajui hata kama anaandikwa. Nimeona kinyaa. Nimerudisha karatasi, nikaendelea kuchambua mchele.

Jumanne, 15 Julai

Sahihi. Mwanahawa hajui kuandika, basi dole gumba. Aliyeushika mkono wake ni mimi. Mimi! Wino ulikuwa baridi, akacheka, akadhani ni mchezo, akataka kuchovya na vidole vingine. Bwana Sefu akapiga picha ya ushahidi.

Nilijiambia nisipomshika mimi atashikwa na mwingine kwa nguvu. Uongo mtupu. Nilimwogopa Bwana Sefu, basi.

Alhamisi, 17 Julai

Nimetumwa kwa shangazi yake, Bi Zuhura, nikamwonyeshe namna ya kutoa dawa. Shikamoo, marahaba, karibu mwanangu, nikatandikiwa jamvi. Mama wa watu hana baya. Chumba kidogo, madirisha yamefungwa moshi usitoke, mlango umeshatiwa komeo kama mpango unavyosema.

Dawa imetoka kwa rafiki wa Bwana Sefu mwenye duka. Bahasha haina jina la mgonjwa wala la daktari. Nimekiponda kidonge, nikakikoroga kwenye juisi ya ukwaju, nimempa Mwanahawa mgongo asione. Akaniuliza, "Tamu?" Nikamwambia tamu.

Kabla haijamkolea, Bi Zuhura akaingia na chetezo, akarudishia komeo. Ubani wa Alhamisi, haujakosekana humo tangu enzi za mama yake. Moshi ukajaa. Mwanahawa akakohoa, akaukimbilia mlango, akausukuma, haukufunguka. Akageuka, akakipiga chetezo teke. Bi Zuhura akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. "Umeona? Anayekimbia ubani si yeye, ni huyo aliyempanda." Akaongeza ubani.

Ndiyo akili yetu hiyo. Akiukataa moshi ana shetani, na mwenye shetani huongezewa moshi. Saa tisa alikuwa amelala kinywa wazi, udenda shavuni, nzi wanamtembelea mdomoni. Bi Zuhura akashukuru kwamba ametulia. Nimeosha bilauri, nikaaga.

Ijumaa, 18 Julai

Mwanahawa kaja anayumba. Nimempa chai. Kaisukuma. Kaenda kunywa maji ya bomba.

Jumamosi, 19 Julai

Nimerudi kwa Bi Zuhura, bila karatasi. Nilimwomba chetezo kisicho na moto. Nikakiweka mbele ya Mwanahawa, nikanyamaza. Kazi yangu ni kumsaidia mtu aamue mwenyewe, ndivyo tunavyojisifu kwa wageni, na miaka yote sijawahi kunyamaza kiasi kile.

Akakishika. Akakinusa. Hakukipiga. Akajigusa kifua, akasema, "Kinabana." Akakibeba mpaka uani, akakitua penye upepo, akaketi pembeni yake ametulia kabisa. Kumbe hana ugomvi na ubani. Ni moshi ndani ya chumba kilichofungwa, basi! Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Bi Zuhura kakasirika. "Umri wangu huu nije nifundishwe ubani na wewe?" Nimemwomba radhi. Nikamwomba amuulize Mwanahawa mwenyewe. Mwishowe akamwambia, "Mwanangu, moshi ukija wataka nini?"

"Nje."

Bi Zuhura akajifunika uso kwa kanga.

Jumatatu, 21 Julai

Bwana Sefu anasema huyo hawezi kuamua, na mpango umeshapigwa muhuri. Sauti ya upole, shati limenyooshwa mpaka kola. Nimeitaja ile bahasha isiyo na jina, akalainika mara moja. Kikao Jumatano. Mwanahawa atakuwa na msaidizi wa kumweleza mambo na kusimama naye kila mpango ukibadilika. Kashaandika jina langu. Nilifurahi, sifichi.

Jumatano, 23 Julai

Tumekaa wanne. Jambo mojamoja, kwa maneno mepesi, kisha kungoja. Mlango: Mwanahawa kasema, "Wazi." Moshi: yeye nje barazani mpaka uishe, Bi Zuhura ndani na ubani wake. Kidonge: kaangalia bilauri niliyoiweka mezani kumweleza, kaisukuma mpaka ikaanguka ikavunjika. Bwana Sefu kaandika "Hataki." Kifua kitaangaliwa na daktari wa kweli, naye kakubali kwenda.

Likabaki la msaidizi. Bwana Sefu kataka kupita, jina lipo. Nikasema hapana, aulizwe na hilo. Nilisema kwa maringo kidogo, maana jibu nililijua.

Mwanahawa akanitazama. Akaitazama mikono yangu. Akasema, "Huyu hapana." Akakisogelea kiti cha Bi Zuhura, akamshika kanga.

Bwana Sefu akacheka, akanigeukia, eti si unaona, hajui anachotaka. Anajua. Shangazi alimfukiza mbele ya macho yake. Mimi nilimpa mgongo nikakoroga, kisha nikamwambia tamu. Nimemwambia Bwana Sefu afute jina langu. Kalamu ilikuwa mbali naye, nikampa mimi.

Alhamisi, 24 Julai

Alasiri nimepita kwao, nikielekea sokoni. Madirisha wazi, moshi unatoka. Mwanahawa yuko barazani na ungo wake, mlango nyuma yake uko wazi. Nimemwamkia Bi Zuhura toka barabarani, kaitikia, kanikaribisha.

Nimemtazama Mwanahawa. Kaniona. Kaendelea kuchambua mchele.

Nimesema asante, naharakisha, nikapita.