Cheti cha Abti na Makovu ya Bura

Garissa, Alhamisi, 1953

Joto la leo limeninyima hata hasira. Mto umepungua hadi mchanga wa katikati unaonekana. Tangu alasiri nimeketi chumbani nikijaribu kuandika jambo moja bila kujitetea.

Mimi ndiye niliyempeleka Abti.

Abti Guled, kaka wa mama yangu, ametibu ng'ombe tangu kabla sijazaliwa. Ugonjwa wa mapafu ukiingia, huchukua kipande cha pafu la ng'ombe aliyekufa, akapasua ngozi ya pua za walio wazima, akakitia humo na kusoma dua. Wengine hufa. Wengi huishi, na kovu hubaki puani. Kutoka hapa hadi Bura hakuna boma lisilo na kovu la mkono wake. Ujira wake ni maziwa, na watu kumpisha akaketi mbele kwenye baraza.

Nami, niliyerudi kutoka shule ya pwani na Kizungu changu, nilimwonea haya. Ofisi ya mifugo ilipotafuta watu wazima wa kufunzwa kuchanja kwa sindano, miezi mitatu tu, nilimjazia fomu. Nikamwambia akirudi ataajiriwa. Hakuna aliyeniambia hivyo.

Alirudi na cheti. Wazee walikusanyika nikawasomea kwa Kisomali: kwamba Guled ni tabibu wa mifugo, serikali inamtambua, mkono wake uaminiwe. Wakaitikia amin.

Cheti hakikuwa na hata moja la hayo.

Jumatatu bwana mifugo, Mzungu mgeni, alifuatana naye Bura. Alimwuliza kama anaweza kutambua ng'ombe waliochanjwa kienyeji. Abti alifurahi, alidhani ujuzi wake ndio unaoulizwa. Akapita boma kwa boma akigusa pua, huyu, na huyu, na yule pale, akitaja hata ni ukame wa mwaka gani alipomchanja. Kila aliyeguswa alipakwa rangi.

Kabla ya magharibi amri ilitoka: mifugo ya maboma yale, kwa kuwa makovu yanaonyesha ugonjwa ulipitia humo, isihame wala isiuzwe mpaka masika. Malisho ya Bura yalikwisha mwezi uliopita.

Dubow, ambaye Abti alimwokolea ng'ombe mara mbili, hakupaza sauti. Alisema tu, "Guled, miezi mitatu yote hiyo walikuwa wanakufunza kunyoosha kidole?"

Leo asubuhi Abti alikwenda ofisini kuulizia kazi. Karani alimwambia nafasi ni ya mtu anayejua kuandika, ila ataitwa wakihitaji tena wa kuwaonyesha makovu.

Alikuja kwangu moja kwa moja, akafungua kitambaa alichokifungia cheti. "Abti," aliniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, "nisomee tena pale penye mkono wangu."

Ningeweza kudanganya mara ya pili. Nilimsomea kilichoandikwa: jina lake, miezi mitatu, amehudhuria.

"Halafu?"

"Basi."

Alikikunja taratibu akaniwekea mapajani. "Kaa nacho. Wewe ndiye uliyekitaka."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Dubow ametuma salamu. Kesho watu wa Bura watakuja niwaandikie barua kwa Bwana DC, ya kumshtaki Abti. Wananijia mimi kwa kuwa nimesoma, na msomi, wanasema, hawezi kuwapotosha.

Nitaandika jina lake peke yake, au nitaandika na langu?