Ile Kuku ya Mama Shisia

Jumatano, jioni. Mvua ya Kakamega haikungoja saa tisa leo, ilininyeshea kabla sijafika stendi. Nimeloa mpaka viatu. Chai imepoa hapa mezani na roho haijatulia.

Binti yangu Imali ndiye alinifungulia hii blogu. Alisema, "Mama, andika hapa, uache kuongea na sufuria." Alikuwa anatunza stoo ya duka la mbolea hapa mjini. Magunia yakapotea, akashikwa yeye. Huu ni mwezi wa tatu yuko rumande. Dhamana hakimu alikubali, lakini cheti cha shamba letu kule Malinya, ambacho ningekiweka kortini ndio atoke, bado kina jina la baba mkwe, na yeye ni marehemu. Basi mtoto akabaki ndani.

Jana wakili wake alinipigia. Ni msichana mdogo, anamtetea bila malipo, na ananielezanga pole pole kwa sababu anajua niliachia darasa la sita. Akasema upande wa mashtaka wako tayari kuelewana: Imali akikiri kosa dogo, lile kubwa wataliondoa, waombe apewe kifungo cha nje. Hakimu ndiye ataamua, lakini huenda akarudi nyumbani. Akikataa, kesi itasikizwa mpaka mwisho, na akishindwa ni jela. Miaka.

Sikujua siku hizi mahakamani watu wanakaa chini hivyo wakaongea.

Nikamuuliza, "Wewe unaonaje?"

Akasema ameshapewa maandishi ya mashahidi wote, na ufunguo wa stoo walikuwa nao watu watatu. Kesi anaweza kushinda, anaweza kushindwa. "Lakini Mama Imali, akikiri, hilo kosa litafuata jina lake kila mahali ataomba kazi. Na kama hakuiba, hawezi kusema aliiba. Uamuzi ni wake. Si wangu. Na usikasirike, si wako pia."

Nilikasirika kidogo.

Leo nikaenda kumwona. Aliponitazama tu akaanza: "Mama, na hayo mafuta yote usoni! Askari akikushika atateleza." Tukacheka. Amekonda, shingo imebaki ndefu. Maneno yote niliyopanga njiani yakapotea, nikasema, "Kubali tu, mwanangu. Sema ni wewe, uje nyumbani ukule obusuma, ugali wetu."

Akauliza, bila hasira, "Kama ile kuku ya Mama Shisia?"

Muda ukaisha, akarudishwa ndani.

Wacha niandike kitu sijawahi kuambia mtu. Imali alikuwa na miaka tisa. Kuku ya jirani yetu Mama Shisia ilipotea, akasema mwizi ni mtoto wangu. Mimi kelele za majirani naziogopanga sana. Nikamwambia Imali apige magoti aombe msamaha, yaishe. Akalia kwamba si yeye. Nikamkandamiza bega mpaka magoti yakagusa chini.

Yakaisha, kweli.

Wiki tatu baadaye ile kuku ikatoka kichakani na vifaranga wanane. Mama Shisia akacheka tu. Imali aliiona ikipita uani kwetu. Akaniangalia. Nikajifanya napepeta maharagwe.

Yeye hakuna mtu alimwomba msamaha.

Sitadanganya, bado nataka akubali. Kitanda chake nimetandika. Lakini leo nimeona ninachofanya: ni ule mkono wangu tena, begani mwake.

Kesho asubuhi hakimu atamuuliza kupitia skrini, yeye akiwa huko huko rumande. Wakili ataongea naye kwanza kwa simu. Kwa hivyo nikampigia wakili kabla hata sijavua nguo zilizoloa, nikamwambia amfikishie Imali kwamba mama yake anaomba msamaha wa ile kuku. Haikuwa yeye, na nilijua.

"Kuku?" wakili akashangaa. "Mama Imali, hii kesi yetu si ni ya mbolea?"

"Wewe mwambie hivyo. Ataelewa."

Nitafunga kitambaa changu cha njano nikae benchi ya mbele mahakamani, pengine ile kamera itanifikia. Hakimu atauliza, Imali atajibu mwenyewe. Mimi nitakuwa nimekalia mikono yangu.