Kila Mara Hunituma Maji

Rubona, Gisenyi
3 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Murekatete,

Shikamoo. Goti lako linasemaje msimu huu wa vumbi huko Karagwe? Na migomba, imesimama? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo.

Naandika kwa kalamu kwa sababu mdogo wangu Ikirezi husoma simu yangu nikienda kuoga. Anakana, lakini namjua. Barua hii anakuletea jirani yetu Sano. Tazama kwanza kama bahasha imefunguliwa.

Uliniuliza kama nimeshakuwa fundi. Bado, na nilidhani najua sababu. Miaka miwili Mzee Damascène amenifundisha kutengeneza fidla: kuchonga ubao wa juu hadi uwe mwembamba, kuugonga kwa kidole, kusikiliza. Lakini ndani ya fidla husimama kijiti kimoja, kati ya ubao wa juu na wa chini. Kikisogea kiasi cha punje ya mtama, sauti nzuri inageuka ya kopo. Asiyejua kukiweka mahali pake ni seremala wa masanduku tu. Na kila ikifika siku ya kijiti, mzee ananipa kidumu: "Umulisa, enda uchote mayi kwanza." Na pipa limejaa!

Nilikuwa na hakika ananificha. Pasaka alikuja mpwa wake Byiringiro kutoka Goma, wakajifungia karakanani wakisemezana kwa kelele. Dalili ya mvua ni mawingu, nikasema, hapo ndipo ufundi unaporithishwa.

Kuna jambo sikukwambia, kwa aibu. Kila nikigonga ubao mzee huniuliza, "We unasikiya nini?" huku amenikazia macho mdomoni. Kila siku swali hilohilo. Niliona ananitega. Halafu nikahofia ana nia mbaya, nikahamishia kazi yangu karibu na mlango.

Ijumaa ilikuwa zamu ya fidla yangu mwenyewe, ya kwanza, ile inayosubiriwa na wanakwaya wa Nyundo kwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Nikapewa kidumu. Shangazi, sikwenda popote. Nilizunguka nyuma, nikachungulia kwenye ufa wa mbao.

Mzee alikuwa amekiuma kichwa cha fidla yangu kwa meno! Macho kayafumba, dole gumba linapiga uzi, mkono wa pili unasogeza kijiti kwa chuma kilichopinda, kupitia tobo la ubao wa juu. Wazo langu la kwanza lilikuwa uchawi; nilifanya ishara ya msalaba. Kidumu kikaniponyoka, kikabingirika kwenye mawe kwa kishindo cha kuwashtua hata wavuvi ziwani. Mzee hakugeuka.

Niliingia na kidumu kitupu. Alipokiona, akaitoa fidla mdomoni.

"Bon, umeona," akasema. "Masikio yangu ilikufa, mwaka ya tatu sasa. Na meno ninajuwa tu kama mbao inatetemeka. Kama ni muzuri, ile nilikuwa nakuuliza we."

Nimeona haya, Shangazi, haya kabisa. Fidla saba zimetoka karakanani kwa masikio yangu, na mimi nimekaa mlangoni nikimchunga kama mwizi.

Usimwambie mtu, hasa Ikirezi akikupigia. Wateja wakijua watakimbia. Msalimie Donatille na watoto, na Mzee Habineza pia, kama ameshanisamehe yule mbuzi. Mungu akuongezee siku, na hilo goti alipe nguvu.

Nimalizie ya Ijumaa. Nilitaka kuomba radhi, lakini hakunisubiri. Mzee alizilegeza nyuzi za fidla, akakiangusha kijiti chini kabisa, akaniwekea chuma mkononi. Kisha akachukua kidumu, akaenda kuchota maji mwenyewe.

Binti wa kaka yako, akupendaye kuliko anavyoandika,
Umulisa